Walisema Zote ni Nzuri

Aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike. Nitamsogezea kigoda, kisha tuendelee pamoja.

Naitwa Dorkasi, mtoto wa kijiji cha Mgwashi. Nilisomea usanifu wa michoro chuoni, na sasa nimeajiriwa kwa Bwana Khalfani, mtu wa Tanga mwenye duka la uchapaji hapa Lushoto mjini. Nilikwisha kueleza jinsi Dula, mwenzangu wa meza ya pili, alivyochukua kazi yangu akaitia jina lake, nami nikanyamaza. Kunyamaza ndicho kipaji nilichopewa bila kukiomba.

Kisha wakaja akina mama wa Mlalo. Wanapika jamu ya plamu na walitaka nembo. Mnunuzi wa Tanga, Mzee Hashimu, alikuwa amewaahidi kuiweka jamu yao kwenye maduka yake, mradi iwe na sura ya kuitambulisha.

Siku hiyo hiyo Dula akachora kinyonga mwenye pembe tatu, kama wale wa milima yetu. Alipendeza, sikatai. Lakini nilisikia sauti yangu ikisema, "Bosi, kabla ya kuchora, si tungewauliza kwanza wenye jamu?"

Bwana Khalfani akavua miwani. "Nembo inachorwa, Dorkasi. Haiulizwi."

"Chuoni walitufundisha inaanza na masikio, bosi. Penseli inafuata."

Dula alicheka hadi akashika meza.

"Haya, yapeleke masikio yako Mlalo," bosi akasema. "Jumatatu uniletee nembo waliyoichagua wenyewe, hiyo ndiyo itakayochapwa. Ukirudi mikono mitupu, kinyonga anaingia mtamboni, na wewe uyatafutie masikio yako ofisi nyingine."

Ndipo nilipopanda Mlalo na karatasi tatu: kinyonga wa Dula, mlima wenye jua nyuma yake, na plamu yenye majani mawili. Wiki iliyopita niliwaacha mkiniona nimekaa jikoni kwa Mama Jenoveva, mwenyekiti wa kikundi, karatasi zikizunguka mkono kwa mkono.

Na mnakumbuka walichosema. Walisema zote ni nzuri.

*

Nilitoka uani nikampigia bosi. Nilikuwa na furaha hata nikasahau kuwa mwoga.

"Bosi, wamezipenda! Wamesema zote ni nzuri."

"Zote? Hata kinyonga?"

"Hata kinyonga, bosi."

"Safi sana, Dorkasi." Akakata simu.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Ishikeni hiyo simu. Mimi sikuishika.

Nyuma yangu kulikuwa na Anitha, mpishi wa kikundi, rika langu, mikono imezama kwenye beseni la kuoshea chupa. Alikuwa anacheka peke yake.

"Unacheka nini, Anitha?"

"Nakucheka wewe. Eti wamezipenda."

"Si umewasikia?"

"Nimewasikia. Wewe kwenu ni wapi vile?"

"Mgwashi."

"Mgwashi hii hii ya Bumbuli? Nilidhani Ulaya." Akainua chupa, akaitazama kwenye mwanga. "Hebu niambie. Mgeni akija kwenu na mtoto wake mgongoni, akamfunua akuonyeshe, utamwambia pua imekaa vibaya?"

Akaiweka chupa chini, akachukua nyingine.

"Umekuja umepiga shikamoo moja moja, umekunywa chai ya watu, umewashikisha karatasi zako kwa mikono miwili kama sakramenti. Nani atakwambia mbaya? Ningekuuliza mimi kama jiwe hili ni zuri, ungesema zuri."

"Lakini kinyonga je? Walisema..."

"Kinyonga!" Anitha akashusha sauti. "Mama Jenoveva akikutana na kinyonga njiani, anageuza anarudi nyumbani. Hata kama soko limeshajaa. Wewe unataka ambandike kwenye chakula."

Uso wangu uliwaka. Mimi mtoto wa kule kule! Nimekulia kwenye nyumba ambayo mgeni haambiwi hapana, bibi yangu alikuwa akisifia hata ugali ulioungua. Nikaenda chuo, nikajifunza kuandaa maswali, nikarudi na maswali yangu nikayamwaga kwa watu wangu mwenyewe, kisha nikapokea adabu yao nikadhani ni jibu.

"Mpigie bosi wako umwambie," Anitha akasema.

Niliitoa simu. Nikaitazama. Nilimsikia Dula akicheka kabla hata sijapiga.

Nikairudisha mfukoni. Nitamweleza Jumatatu, nikajiambia, nikiwa na nembo mkononi. Maneno matupu ya nini?

*

Jumamosi sikumuuliza mtu swali. Nilikaa kona ya jiko nikawatazama.

Nilikwisha kupita maduka ya Lushoto mjini kuangalia rafu zao. Jamu zote zilikuwa na picha ya tunda, na ukisimama mlangoni huwezi kuitofautisha hii na ile. Kwa hiyo plamu yangu yenye majani mawili niliikunja nikaitia motoni. Nilihitaji kitu ambacho hata kikichapwa kidogo kama kifuniko, kwa rangi moja, kitaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kitu chao.

Mama wa kwanza aliingia na tenga la plamu kichwani. Akalitua. Akachukua ngata yake, ile pete ya majani makavu ya mgomba inayokaa kati ya kichwa na mzigo, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Akaingia wa pili, naye akatundika. Wa tatu.

Kufikia saa za chai, ukuta wote ulikuwa na ngata. Hakuna aliyekosea msumari wake. Nyingine zilikuwa zimezungushiwa kitambaa, nyingine zimesukwa kama nywele. Mwanamke mmoja alipotaka kushika ngata ya mwenzake kwa bahati mbaya, alipigwa kikumbo. "Wee! Utanibadilishia shingo!"

Wakacheka wote. Mimi nikachukua penseli. Nilichora pete ya majani yaliyosokotwa, na katikati yake plamu moja imekaa, kama mzigo uliopata kichwa.

Anitha alichungulia juu ya bega langu. Hakusema nzuri. Alisema, "Hiyo ukimwonyesha mtu, usimuulize kitu."

"Nitajuaje basi?"

"Kesho ni sikukuu ya mavuno. Mnada upo. Mtu mnadani hana adabu."

*

Kwa msioijua: siku ya mavuno watu huleta kanisani walichovuna, na baada ya ibada vitu hunadiwa nje, fedha ikawa sadaka. Pale hata mke wa mchungaji atazomea viazi vyembamba. Hakuna mgeni mnadani. Kuna mnunuzi tu.

Tulipeleka chupa tatu. Jamu ilikuwa ya sufuria moja, chupa za aina moja. Lebo nilizichora kwa mkono nikazibandika kwa uji wa unga: mlima na jua, ngata na plamu, na kinyonga. Zikaingia kapuni katikati ya kabichi na mapeasi. Hata Mama Jenoveva hatukumwambia.

Mnadishaji alikuwa Mzee Nathanaeli, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe bonde la pili.

Aliinua mlima na jua. "Jamu hiyo! Mlima, jua, na sukari yake!" Mwalimu mkuu akataja bei, hakuna aliyempinga, akaitia mfukoni kama mtu anayenunua chumvi.

Akaingiza mkono tena. Akaitoa ya ngata, akaisogeza karibu na macho.

"Nani kaleta ngata ya marehemu mama yangu hapa?"

Watu wakasogea. Bibi Sesilia, wa kijiji cha juu, asiyekijua kabisa kikundi hicho, akapenya hadi mbele akishikilia fimbo. "Nipe niione. Ee! Na imesokotwa kushoto, kama ya kwetu. Nichukulie mimi hiyo."

"Unaitajia nini, bibi?"

"Naitajia kuku wangu jogoo!"

"Kwaya ya akina mama tunaongeza!" sauti ikatoka upande wa pili.

"Mnaongeza nini, nyinyi mnaobebewa mizigo na bodaboda? Ngata mtaivaa wapi?"

Kicheko kikapasuka. Vijana nao wakaingia, wakasema wanamnunulia mama mchungaji. Bei ikapanda, ikapanda tena. Bibi Sesilia akaongeza na mkungu wa ndizi. Nilijificha nyuma ya mgongo wa Anitha, nikilia kama mjinga, midomo nimeibana.

Akina mama wa kikundi walikuwa wamesimama pamoja. Mama Jenoveva hakucheka. Aligusa kichwa chake, mahali ambapo ngata hukaa, kisha akaanza kunitafuta kwa macho kati ya watu.

Bibi Sesilia akashinda. Akaikumbatia chupa yake, akakataa kupewa mfuko.

Mzee Nathanaeli akaingiza mkono kapuni mara ya tatu. Akaurudisha haraka.

"Kuna nini humo, mzee? Siafu?"

"Hapana, hapana. Ni jamu." Akaitoa kwa vidole viwili, ameishika kifuniko, mkono umenyooka mbali na tumbo. "Jamu nzuri. Haya, nani?"

Hakuna aliyetaja bei.

"Jamani, ni ile ile!"

"Basi mle wewe na huyo mwenzako!" Anitha akapiga kelele. Watoto wakakimbia kwa kelele wakijifanya wanafukuzwa.

Nikajisemea: nimepata. Hili ndilo jibu, na Jumatatu nitaliweka mezani kwa bosi.

"Naichukua mimi."

Sauti ilitoka nyuma kabisa. Watu wakapisha. Alikuwa mzee mrefu mwenye kanzu na koti zito la baridi. Pembeni yake, akitabasamu kama bwana harusi, alisimama Bwana Khalfani.

*

"Mzee Hashimu amekuja kuona mnapopikia," bosi akatangaza. "Tukasikia mnada, tukasema tupite."

Nikaenda kusalimia.

Mzee Hashimu alikuwa anaigeuza chupa ya kinyonga mkononi. "Huyu mnyama wageni wa hoteli wanampenda. Hii ndiyo nembo, Khalfani?"

"Ndiyo hiyo, mzee. Na si ya kubuni tu ofisini." Bosi akaniwekea mkono begani. "Huyu binti ni wa milima hii hii. Amekaa na akina mama, amewasikiliza kabla ya kuchora. Hii ndiyo waliyoichagua wao."

Niliwaona akina mama wakinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na watu walionipa chai.

"Ni kweli, mama?" Mzee Hashimu akamgeukia Mama Jenoveva.

Mama Jenoveva akakunja viganja mbele ya kanga yake. Mgeni amesimama mbele yake, mgeni mwenye maduka. "Tulimwambia ni nzuri, baba."

"Basi yamekwisha."

Mkono wa bosi begani mwangu ukawa mzito. Ningenyamaza, kazi ningebaki nayo. Ningesema, ningemwaibisha mwajiri wangu mbele ya mgeni wake, na kila chupa aliyoijaza mama yule ingeweza kukosa rafu.

"Mzee, shikamoo," nikasema.

"Umeshanisalimu, binti."

Watu wakacheka. Nami nikaona, alaa, kama nimeshachekwa, nimalizie.

"Usiwaulize, mzee. Huku mgeni haambiwi mbaya. Wewe waombe tu wakupelekee hiyo chupa garini."

"Dorkasi," bosi akasema taratibu.

Mzee Hashimu akaiweka chupa juu ya meza ya mnada. "Akina mama, naomba mnisaidie hii hadi kwenye gari."

Hakuna aliyesogea. Mmoja akaanza kufunga upya kilemba kilichokuwa kimefungwa vizuri. Mwingine akashikwa na kikohozi. Anitha akainama kutafuta kiatu alichokuwa amekivaa.

Hatimaye Mama Jenoveva akatoka. Hakuigusa chupa. Alichukua jani la mgomba lililofunika mkungu wa Bibi Sesilia, akalifunika juu ya chupa, akalizungusha, akalifunga kwa kamba mpaka kinyonga hakuonekana hata mkia. Ndipo akachukua ngata yake, aliyobebea mavuno asubuhi, akaiweka kichwani, akajitwika, akatangulia mbele kuelekea gari.

Tukamfuata, kijiji kizima.

"Mama," Mzee Hashimu akamwita, "kwa nini umeifunika?"

"Isipate vumbi, baba."

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Vumbi halikuwapo Mlalo nzima.

Mzee Hashimu akatazama viatu vyake, vilivyojaa tope. Alipofika kwenye gari alikuwa na uso mwingine. "Khalfani, fungua buti aiweke."

"Tuiweke tu mbele, mzee."

"Mbele nakaa mimi. Fungua."

Bosi alichukua muda kuutafuta ufunguo uliokuwa mkononi mwake. Buti likafunguka. Ndani kulikuwa na maboksi yamepangwa hadi juu, na moja lilikuwa limepasuka ubavu. Lebo zilikuwa zimemwagika. Vinyonga mamia, kila mmoja akitutazama kwa jicho moja.

Nilisikia mtu nyuma yangu akimwita Yesu.

"Umeshachapa?" Mzee Hashimu aliuliza kwa sauti ndogo. "Uliniambia unasubiri jibu la akina mama hadi Jumatatu."

"Jibu lilikuja mapema." Bosi hakuwa anatabasamu tena. Alininyooshea kidole. "Ijumaa jioni alinipigia mwenyewe. Akasema wamezipenda, hata kinyonga. Mimi nichape nini, kama si neno la mtu niliyemtuma? Muulize hapo alipo."

Mwenye mzigo kichwani hageuki haraka. Mama Jenoveva aligeuka taratibu, shingo imenyooka, jani la mgomba juu yake likitikisika.

"Mwanangu," akasema, "ulimpigia?"

Nilitaka kumweleza. Kwamba nilielewa vibaya, kwamba niliitoa simu nikairudisha, kwamba ngata ya mnadani ni mimi niliyeichora. Yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali lake.

"Ndiyo, mama. Nilimpigia."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alishusha ule mzigo kwa mikono miwili, akaivua ngata yake, ile ambayo mwenzake hathubutu hata kuigusa msumarini. Akanisogelea, akaniwekea kichwani. Ilikuwa bado na joto lake. Kisha juu yake akanitwika chupa ya kinyonga.

"Basi ibebe wewe," akasema. "Uipeleke unakotaka."

Mbele yangu bosi alikuwa ameshika mlango wa buti, wazi, akinisubiri. Nyuma yangu akina mama walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao, na Anitha alikuwa anaiangalia nafasi hiyo, si mimi.

Nikainua mguu. Ulikotua, nitawaeleza wiki ijayo.